Kila Akiita Susu

Kwetu Nunguni, kwa Kikamba, susu ni nyanya. Yaani mimi. Lakini afisa wa kupima watoto wenye ulemavu kule Kitui alikuwa mwanamke wa Pwani, na kwake susu ni mkojo wa mtoto. Basi kila mjukuu wangu alipoita "Susu!" afisa alimshika mkono mbio mbio akampeleka choo. Huko hakojoi, anaita susu tu. Anarudishwa, anaketi, anaita tena, anapelekwa tena. Mimi niko kwenye benchi nje ya mlango, nawaona wakipita, nadhani choo ni sehemu ya mtihani.

Tulikuwa tumetumwa na mwalimu mkuu wa shule ya karibu na kwetu, iliyo na darasa la watoto wasioona vizuri. Mjukuu wangu alikuwa akitikisa vidole mbele ya macho, akiyumbayumba, na ukimsemesha anakuelekezea sikio badala ya uso. Kanisani wamama walisema ameshukiwa na Roho, wakamwekea mikono. Alipoanza kuinusa, wakaiondoa haraka. Mwalimu mkuu yeye aliniambia wazi: "Susu, ikiwa ni macho, nitamchukua. Ikiwa ni usonji, sina mwalimu wake. Atabaki nyumbani."

Ndipo nikaanza kuomba mjukuu wangu awe kipofu. Hebu niambie, nyanya gani huomba hivyo? Mimi niliomba, tena kwa kufunga.

Daktari wa macho ndiye alianza. "Unaona nini hapa?"

"Unaona nini hapa?" mtoto akajibu.

"Mimi ndiye nauliza."

"Mimi ndiye nauliza."

Daktari akasema huyu hapimiki, nimpeleke kwanza kwa afisa. Afisa akamwekea picha ya ng'ombe mezani, mtoto akailamba. Afisa akasema pengine haoni, nimrudishe kwanza kwa daktari. Na milango yao inatazamana, jameni! Nilienda na kurudi mpaka mlinzi akadhani nachuuza kitu, akataka kunifukuza.

Walipopita tena kwenda choo, nikashindwa kuvumilia. "Kwani mtoto wangu ana nini na choo?"

"Si anasema susu?"

"Susu ni mimi!"

Afisa akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe ndiye mkojo, bibi?"

Nilipomweleza alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamtazama mtoto. "Sasa mbona anakuita, na wewe uko hapo tu mlangoni?"

Akaniambia niingie, nisimame kwenye kona ya ofisi bila kusema neno. Mtoto akaita. Nikakohoa, akageukia kikohozi na kutulia. Nikanyamaza nikasogea, akaita tena. Nilipofika karibu sana, pua kwa pua, ndipo alinishika uso akaacha kuita. Afisa akavuka akamtoa daktari ofisini kwake, akiwa bado anatafuna andazi, wakampima pamoja.

"Macho yake ni mabovu sana," daktari akasema. "Hii ya vidole na kuyumba, hata watoto wasioona wasio na usonji huifanya. Ndiyo maana inatuchanganya."

"Kwa hivyo ni macho!" nikaruka.

"Ni macho, bibi," afisa akasema polepole. "Na usonji pia upo."

Nilikasirika, haki ya Mungu. Nilikuwa nimeomba kimoja. Nilimfokea afisa kama ndiye amemtia mtoto ugonjwa. Aliniacha nifoke, kisha akampigia mwalimu mkuu simu, wakabishana weee, mpaka mwalimu akasema sawa, mlete, tutajifunza naye.

Jumatatu nikampeleka. Nilikuwa nimemfundisha kupunga mkono wakati wa kuagana. Mwalimu akamsimamisha uwanjani, nami nikafika langoni nikapaza sauti, "Kwaheri!" Sauti ikagonga ukuta wa darasa lililo ng'ambo ikarudi. Mtoto akageuka akaanza kuupungia ukuta, kwa bidii, akicheka.

Watoto wengine wakamcheka. Nikapita katikati yao mbio, na uzee wangu na viatu vyangu vya plastiki, nikasimama mbele ya ule ukuta, nikampungia.