Springi Nzito kwa Mikono ya Leota

Daktari wa masikio alimpa Leota Vetsch sharti moja: akitaka kuendelea kupiga shabaha, bastola yake ifungwe kiwambo cha kuzuia sauti. La sivyo, sikio la kushoto litakufa kama la kulia. Leota, dereva mstaafu wa basi la shule katika bonde la Clearwater, Idaho, alitaka kuendelea. Tangu bintiye ahame, Jumamosi za kuangusha sahani za chuma kwa risasi uwanjani ndizo siku alizokaa na watu.

Mumewe, Thurman, aliyefanya kazi kiwanda cha mbao, aliishika shughuli ya kukifunga kwa furaha. Kiwambo hubana moshi wa baruti, na moshi huo huirudisha nyuma sehemu ya juu ya bastola kwa nguvu kuliko kawaida. Chuma hugonga chuma, maganda ya risasi huruka mbali. Dawa yake ni springi nzito inayoizuia sehemu hiyo isirudi kwa kasi, ingawa huifanya iwe ngumu kuvuta kwa mkono. Thurman alinunua mbili, akazijaribu nyuma ya banda huku akitazama maganda yanakoangukia, kama wafanyavyo watu wa huko. Kwa ile nzito zaidi yaliangukia karibu na kiatu chake, ishara kwamba kishindo kimepungua.

"Imetulia kama paka aliyeshiba," alisema.

Kila mara aliikoki mwenyewe, yaani kuivuta nyuma ile sehemu ya juu, kwa viganja vilivyozoea magogo. Hakumpa mkewe aijaribu.

Jumamosi Leota alisimama kwenye mstari wa kupigia. Pale sheria haina mjadala: mpigaji ndiye anayekoki, na akimaliza ndiye anayeonyesha kwamba bastola ni tupu. Akavuta. Vidole vyake, vyenye viungo vilivyovimba, vikateleza. Akavuta tena.

"Thurman, umemfungia mkeo springi ya trekta?" aliuliza Dell Pruett, msimamizi wa uwanja.

"Acha nimkokie mara moja tu, Dell."

"Hapana, kaka. Atatuonyeshaje kuwa ni tupu?"

Leota akaiweka bastola mezani, mdomo ukielekea kwenye tuta la kuzuia risasi, akamgeukia mumewe.

"Nani hupiga bastola hii, mzee?"

"Wewe."

"Na springi ulimchagulia nani?"

Thurman akakuna shingo. "Nilikuwa naitazama bastola."

"Nimeona. Leta hizo nyingine."

Kwenye meza ya pembeni, pasipo risasi hata moja, Thurman alimfungia ile ya kati, ya pili kati ya alizonunua. Leota aliivuta mara mbili. Ya tatu ikamshinda.

"Mara mbili si haba," alisema Thurman.

"Nina raundi tano, na mikono huchoka. Rudisha ile bastola iliyokuja nayo."

"Na kiwambo hiki? Itajigonga, mama. Itachakaa kabla ya wakati wake."

"Ichakae. Mimi nachakaa kila siku, na hujanifungia springi mpya."

Watu wakacheka, Thurman naye, akiwa amechelewa kidogo. Akairudisha ile nyepesi, akasema risasi za kasi ndogo zingepunguza kishindo. Dell alikuwa nazo. Akamgawia Leota boksi.

Leota alipiga raundi zote tano. Sahani mbili zilikataa kuanguka. Mwishoni alitoa magazini, akavuta, akashikilia ikiwa wazi mpaka Dell akachungulia ndani.

"Tupu," Dell akasema.

Leota akaifunga bastola kwenye mkoba wake, akaenda benchi la wanawake wenzake, nao wakasogeana kumpa nafasi.