Gari Refu na Goti la Mama

Niseme mapema tusipotezeane muda: gari langu lilikuwa halifai kwa lami. Kwenye tope lilikuwa dume, sikatai. Nimelivusha mabonde ya huko Luweero mvua ikimwagika, pampu za maji zimejaa nyuma, malori yamekwama pembeni na madereva wananitazama kwa kijicho. Lakini hapa Kampala lishushe mlima kutoka Mbuya kwenda Bugolobi uone vituko. Linayumba kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake. Unageuza usukani, halijibu, unangoja, linakuja kujibu wakati ulishaacha kulihitaji. Ukiingia kona, bodi inalala upande mpaka abiria anajikuta anaikagua lami kupitia dirishani.

Nililinunua likiwa hivyo. Mwenye nalo wa kwanza alikuwa mtu wa mashindano ya matopeni. Alitia springi ndefu, matairi mapana yenye meno, akaweka kichanja cha chuma juu ya paa na gurudumu la akiba hukohuko juu. Halafu akang'oa stabilaiza, kile chuma cha mbele kinachoshika magurudumu mawili ili gari lisilale upande, kwa sababu kwenye mawe kinazuia magurudumu kupanda. Mimi nililipendea kimo. Sisi Wanubi, wajukuu wa wanajeshi, tuna ugonjwa huo. Babu zetu walikuja nchi hii na bunduki begani, baba yangu aliendesha malori ya jeshi mpaka akastaafu, na nyumbani kwetu gari la maana ni lile unaloliinulia shingo. Nikifika Nakasero, walinzi wa hoteli walikuwa wanafungua geti kabla sijapiga honi. "Karibu, afande!" Afande wa nini? Nauza pampu. Lakini nilikuwa naitikia kwa kichwa, napita. Raha yake acha tu.

Basi Mama akaanguka bafuni, akavunja goti.

Walimfunga plasta, ikakaa wiki zake, ikatolewa. Goti likatoka limekauka, halikunji. Tabibu wa mazoezi, mwanamke mpole mwenye mikono ya mfua chuma, alituketisha kule hospitalini Kibuli akatueleza polepole. Wiki nane za kwanza ndizo zenyewe. Mama aletwe mara mbili kila wiki, goti likunjwe kidogo kidogo mpaka lizoee. Zikipita bila mazoezi, goti litaganda pale lilipo, na hapo hata yeye hataweza kufanya kitu.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu. "Nitasujudu?"

"Ukija, utasujudu."

Tangu avunjike alikuwa anaswali juu ya kiti, na kiti kile alikichukia kuliko maumivu. Alisema anajiona kama mgeni aliyekwenda kumwamkia Mungu halafu akakataa kushuka chini. Akaniambia ndani ya gari siku hiyohiyo, ameshika mlango kwa mikono miwili, "Mwanangu, sitaki kingine. Nataka paji la uso lifike kwenye mkeka kabla sijafa." Nikamwahidi. Wallahi nilimwahidi kwa moyo mweupe.

Sasa hebu fikiria safari yenyewe. Kwanza kupanda. Gari liko juu, mguu haukunji. Dada yangu anasukuma chini, mimi navuta juu, Mama katikati anamwita Mtume. Akishakaa mbele mguu umenyooka, tunaanza kushuka. Kona ya kwanza gari linalala, na Mama ili asiniangukie anajizuia kwa mguu. Mguu upi? Uleule! Kila kona anajizuia nao, kila tuta unarushwa. Safari ya tatu, kwenye mzunguko wa barabara, boda boda akanikatiza, nikapiga usukani, gari likajifikiria, kisha likaenda lote kwa pamoja. Goti likagonga dashibodi. Mama alipiga kelele ambayo sitaki kuikumbuka. Tulipofika, tabibu hakuweza hata kuligusa.

"Gari hili sipandi tena," Mama alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekataa chai.

Dada yangu akasema jambo la akili, na mimi nikalikataa. Naliandika hapa ili lijulikane. Alisema, "Si tukodi gari dogo? Vile vya teksi, vya spesho, vimejaa hapo chini stejini. Vya chini, anaingia kama anaketi kwenye kochi."

"Nina gari uani, nikodi gari?" nikamjibu. "Majirani wataniona mimi nani? Ngoja nilitengeneze. Wiki hii tu."

Wiki hii tu! Laiti ulimi ungekuwa unavunjika kama goti.

Nikalipeleka kwa fundi wangu wa siku zote. Kijana wa Kiganda, mkono mwepesi, na Kiswahili chake cha kwetu Kampala. Alilizunguka, akalitikisa, akatoka nalo peke yake akalipigisha raundi moja, akarudi anatabasamu.

"Ssebo," akaniita kwa heshima ya Kiganda, "gari iko sawa. Springi tu imechoka. Tunaweka ngumu."

"Litatulia barabarani?"

"Itatulia kwa balabala kabisa."

Akaweka springi ngumu. Gari likapanda juu zaidi. Lilikuwa linayumba, sasa likawa linayumba na kuruka. Nikarudi nawaka.

"Ee, bambi," akasema, kwa huruma ya kweli. "Sasa ni uzito inakosa. Gari ya kazi haipendi kutembea tupu. Weka mchanga nyuma, magunia mawili."

Na mimi mtu mzima, mwenye ndevu, nikapakia magunia mawili ya mchanga. Hapo ndipo nilipoijua sawasawa desturi ya mafundi wetu, na wateja wao pia, maana tunalingana: sisi tunatibu kwa kuongeza. Kikilia, ongeza grisi. Kikilegea, ongeza nati. Hakuna fundi anayekwambia utoe kitu, na hakuna mteja anayekubali kurudi nyumbani na gari lenye vitu pungufu kuliko lilivyotoka. Mchanga ukakaa nyuma, nyuma ikashuka, pua ikapanda mbinguni, magurudumu ya mbele yakawa hayashiki lami kwa nguvu. Usukani ukawa mwepesi kama wa gari la mtoto. Karibu niingie kwenye meza ya muuza nanasi. Yule mama alinitukana kwa Kiganda kirefu, na kila neno nilistahili.

Wiki ya nne ikaisha hivyo. Ya tano nikamngoja mtu anayeleta shokapu za Dubai, za gesi, akisema Jumatatu. Jumatatu ikaja bila shokapu. Kila nikiingia ndani namkuta Mama kwenye kiti chake, mguu umenyooshwa juu ya stuli, taulo chini ya kisigino, anajaribu kulikunja mwenyewe kama alivyoonyeshwa. Anakunja kidogo, jasho linamtoka, anaacha.

"Bado?" ananiuliza.

"Jumatatu, Mama."

"Inshallah."

Naomba nieleweke: sikuwa nimekaa tu. Nilikuwa nimechoka mpaka mifupa. Asubuhi chini ya gari, mchana kwa wauza vipuri, jioni chini ya gari tena. Mikono ilinuka oili hata kwenye wali. Nilikuwa nimekasirika na kila kitu: mashimo, matuta, mwenye gari wa kwanza, Wajapani, mvua. Na mtu akikasirika hivyo anajiona anafanya kazi. Kumbe hasira nayo ni kazi ya kutwa, inakushughulisha na haizalishi kitu.

Wiki ya saba ikiisha, jirani mmoja akaniambia kuna Mkenya ana uwanja wake wa magari chini ya kilima, mzee wa Nakuru, aliwahi kutengeneza magari ya rali. Nikaenda. Hakulitikisa. Hakulizunguka hata mara moja. Aliniambia, "Endesha wewe, mimi nikae abiria." Nikashangaa. Katika mafundi wote, huyu ndiye wa kwanza kukaa upande wa Mama.

Kona mbili tu zilimtosha. Kona ya tatu akashika mlango kwa mikono miwili.

"Simamisha, boss," akasema. "Hii gari umeiharibu na mikono yako mwenyewe, na umejitahidi kweli."

"Niongeze nini?"

"Uongeze?" Akacheka mpaka akakohoa. "Toa mchanga. Toa hicho kitanda juu ya paa, uzito wote uko kichwani. Toa matairi ya tope, weka ya barabara. Rudisha stabilaiza. Na hii kimo, tunashusha inchi tatu. Walipoinua hawakurekebisha pembe ya magurudumu ya mbele, ndiyo maana usukani haujui nyumbani ni wapi."

Yote nikakubali. Hilo la mwisho nikalibishia. "Inchi tatu ni nyingi, mzee. Gari litakuwa kama la mwalimu."

"Wataka kushika barabara, ama wataka kuangaliwa?" akaniuliza.

Ungedhani nilijibu papo hapo. Sikujibu. Nilikwenda kulala na swali hilo, nikaamka nalo, nikakaa nalo siku nyingine mbili, mtu mwenye mama nyumbani anayehesabu wiki. Naona aibu kuandika hivyo kuliko hayo mengine yote. Siku ya tatu nikampigia simu nikasema shusha.

Alifanya kazi siku nne bila kelele. Vitu alivyotoa alivipanga chini ya ukuta: springi ngumu, kichanja, matairi manne, magunia mawili. Rundo zima lile ndilo lililokuwa linanizuia, na nusu yake niliileta mimi. Akanipa ufunguo.

Lo! Nilishuka nalo njia nzima mpaka Namuwongo kwa vidole viwili. Ukigeuza, linageuka. Ukiachia, usukani unarudi katikati wenyewe, taratibu. Kona linaingia limesimama wima. Nilitaka kulia. Nilipita Nakasero makusudi. Mlinzi hakuinua kichwa kwenye simu yake, na wala sikujali. Basi, nilijali kidogo.

Nikaenda nyumbani mbio nikamwita Mama. Safari hii hakuna kusukuma wala kuvuta: aligeuka, akaketi, akaingiza mguu, akafunga mlango mwenyewe. Dada yangu alikaa nyuma. Tulivuka mzunguko uleule. Mama alikuwa ameweka mikono mapajani.

"Leo limetulia," akasema.

"Umeona?" Nilikuwa natabasamu kama bwana harusi.

"Nimeona. Mashallah. Umejitahidi, mwanangu."

Tabibu alimpokea kwa kumkumbatia. Akamlaza, akashika kisigino kwa mkono mmoja na paja kwa mwingine, akaanza kukunja. Goti likaenda kidogo, likasimama. Akaongeza nguvu. Mama akafumba macho, akauma midomo, wala hakusema basi. Tabibu ndiye aliyeacha. Akajaribu tena, na tena. Kisha akaushusha mguu kwa uangalifu mwingi, na nilipouona ule uangalifu nikajua.

"Mlikuwa wapi?" akaniuliza mimi. "Hii ni wiki ya tisa."

Nikaanza kueleza. Springi, mchanga, shokapu za Dubai, pembe ya magurudumu. Nilijisikia nikieleza pembe ya magurudumu kwa mwanamke aliyeshika mguu wa mama yangu, nikanyamaza.

"Atatembea," akasema. "Tutaendelea kujaribu, nisiseme hatutajaribu. Lakini kulikunja mpaka chini, hapana. Sitamdanganya."

Tukatoka. Dada yangu alikwenda dirisha la dawa. Tuliketi nje kwenye benchi, mimi na Mama, mguu wake umenyooka mbele yetu na watu wanauzunguka kupita. Nikasema la kipumbavu, la mtu anayetafuta wa kugawana naye lawama.

"Mama, mbona hukunilazimisha tukodi gari?"

Hakunitazama. "Dada yako alitaka kulileta. Nilimkataza. Nilisema, mwacheni, anatengeneza gari kwa ajili yangu. Akirudi akakuta nimekwenda na la watu, atavunjika moyo."

Adhana ya adhuhuri ikaanza kwenye msikiti wa kilimani. Mama akanyoosha mkono nimwinue, tukapanda polepole, hatua zake fupi, mguu ukikokota. Mlangoni kwa wanawake akasimama, akawaangalia wenzake wakiingia na kupanga safu.

"Nitafutie kiti," akasema.

Nikaenda kukitafuta.