Vidonge vya Mgongo wa Beda

Beda wa Mpui aliandikiwa vidonge vya mgongo vya siku tano, akavimeza miaka mitatu. Siku jirani alipoalika watu kulima kwa pombe ya ulezi, Beda alibugia kiganja kizima, akamaliza shamba peke yake, akapitiliza kulima barabara mpaka basi la Laela likakwama kwenye matuta. Kisha akaanguka, pumzi ikawa ya kuja moja moja. Mkewe, Kristiana, akamtikisa hadi akafumbua jicho moja.

"Kosa la daktari," alisema mwenye duka la dawa, aliyekuja na majirani kumwona.

"Daktari aliandika mara moja, shemeji," Kristiana akamjibu. " Wewe umeuza miaka mitatu. Nami nilinunua, maana akivimeza halalamiki. Na ninyi mnaomwalika kulima, mlidhani nguvu zile ni za ugali?"

Majirani wakatazama majembe yao.

"Basi mbebeni mpaka hospitali," Kristiana akawaambia. " Mkirudi, shamba letu linawangoja."