Mama Milango na Kiti cha Mjukuu

Mama Milango hakuanza na milango. Alianza na bawaba. Alizinunua kuukuu kwa mafundi waliobomoa nyumba za watu, akazisugua kwa mafuta ya taa, akazipanga juu ya gunia kando ya barabara. Kutoka bawaba akapanda hadi vitasa, kutoka vitasa hadi madirisha, na alipotimiza miaka hamsini na minane alikuwa na yadi yake mwenyewe, milango mia tatu imesimama kwa safu kama watu wanaosubiri kuitwa majina. Ukimpelekea mlango, rangi haitazami. Anaugonga kwa kifundo cha kidole, juu, katikati, chini, anasikiliza, halafu anakwambia mchwa wamefika wapi.

Kanuni yake ya biashara ilikuwa moja, na kila kibarua wake aliijua kwa moyo: muuzaji asijue shida yako. Ukitaka mlango, ulizia dirisha. Ukiwa na haraka, kaa chini uombe maji ya kunywa. Kanuni hiyo ilimjengea nyumba, ikamsomeshea binti, ikamzikia mume bila kuchangisha mtu.

Mara moja tu ilimwendea kombo. Binti yake wa pekee alipokuwa darasa la tano, macho yalianza kumsumbua, daktari akaandika vipimo vya miwani. Mama akaipeleka ile karatasi kwa mtengeneza miwani, wakavutana mpaka jua likapinda, naye akaondoka kwa ushindi na miwani ya mteja mwingine ambaye hakurudi kuichukua. "Vipimo vimekaribiana," alimwambia mtoto. Muhula mzima mtoto akauona ubao umeinama. Aliyekuwa wa tatu darasani akawa wa thelathini na moja. Tangu siku hiyo, ndani ya nyumba ile, mtu akitaka kumnyamazisha Mama Milango hakuhitaji hotuba. Alisema "miwani," basi, na mama akatafuta kazi ya kufanya jikoni.

Sasa binti huyo alikuwa ng'ambo, ameolewa na dereva wa malori ya masafa marefu, na alikuwa amejifungua wiki tano kabla ya siku zake. Mtoto wa kike, kilo mbili kasoro. Mume yuko njiani na mzigo, hatarudi kabla ya Jumapili. Mama Milango akafunga yadi, akapanda ndege kwa mara ya kwanza, na ujumbe wa binti ukiwa kwenye simu:

"Mama, Ijumaa ndiyo tunaruhusiwa. Daktari wa kusaini anatoka saa sita mchana, akitoka tunabaki mpaka Jumatatu. Gari nimekuwekea oda pale pale uwanjani, kila kitu kimeandikwa. Wewe toa leseni, weka sahihi, uje. Nakuomba, usipatane."

Akaujibu: "Sawa mwanangu." Na wakati anaandika, alimaanisha.

Saa mbili asubuhi alikuwa mbele ya kaunta ya magari ya kukodi. Nyuma ya kaunta kulikuwa na mama mmoja wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, vidole vyake vinacheza kwenye kompyuta bila kuitazama. Akatoa karatasi yenye mistari tisa. Chini kabisa pakawa na jumla.

Mama Milango aliitazama ile jumla kama mtu anayetazama mlango uliopakwa rangi jana.

"Hii ndiyo bei ya kuanzia?"

"Hii ndiyo bei, mama."

"Ya mwisho ni ipi?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Bei imo kwenye kompyuta."

"Na kompyuta nani kaiambia?"

Mwenye kaunta akavaa miwani yake, akamtazama vizuri. Huenda katika miaka yake yote pale hakuwahi kuulizwa hivyo. "Siwezi kushusha bei, mama yangu. Kuna kitu hukihitaji humo? Kukitoa naweza."

Hapo ndipo kosa lilipoingilia. Mama Milango alikwishajizuia asipatane, lakini hakuna aliyemkataza kutoa. Akavuta kiti.

"Mstari wa nne ni nini?"

"Kifaa cha kukuonyesha njia."

"Nina mdomo, nitauliza. Toa. Wa tano?"

"Dereva wa pili."

"Wa kwanza mwenyewe hajachoka. Toa. Wa sita?"

"Kiti cha mtoto mchanga. Utabeba mtoto?"

Angeweza kusema ndiyo. Lakini miaka thelathini na tano ya gunia na yadi ikamsukuma ulimi. Muuzaji anayekuuliza utabeba nani anapima shida yako. Halafu, mtoto wa siku kumi na mbili anakaa wapi, kama si mapajani kwa mama yake?

"Mtoto?" akacheka. "Kwa umri huu? Unanitakia mema au mabaya?"

Mwenye kaunta naye akacheka, akabonyeza. Mstari wa sita ukafutika, jumla ikateremka, na Mama Milango akatia sahihi na moyo mweupe. Alikuwa amekatazwa kupatana, na hakupatana.

Nje, kwenye maegesho, aliligonga lile gari milango yote minne. "Huu wa nyuma umewahi kunyooshwa," alimwambia mkaguzi aliyeleta funguo. Mkaguzi akainama, akapapasa, akaona kovu jembamba chini ya kitasa ambalo halikuwamo kwenye fomu yake. Akaliandika. Mama akasimama juu yake mpaka alipoandika na tarehe.

Usukani ulikuwa upande usio wake. Kila alipotaka kuonyesha indiketa, waipa ziliamka na kupangusa kioo kikavu. Njia akauliza, mara tatu, kwa lugha ya kununulia na kuuzia aliyokuwa nayo, na saa tatu na nusu alikuwa wodini. Binti yake alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amekwishavaa, mtoto amefungwa kama kifurushi kidogo cha posta. Walikumbatiana. Mama akamfunua mjukuu uso, akamtazama pua, akasema, "Hii pua ni ya babu yake, pole sana," na binti akacheka huku machozi yanamtoka.

Muuguzi akaingia na karatasi. Yeye ndiye aliyekuwa akiwasindikiza wazazi mpaka kwenye gari. "Tuko tayari? Kiti mmekifunga?"

"Kiti gani?" akauliza Mama Milango.

Muuguzi akaeleza bila haraka. Mtoto hatoki hospitali ile kwa gari bila kiti chake. Mapajani hapana. Teksi hapana, nayo ingetaka kiti kile kile. Yeye mwenyewe hukikagua kabla ya daktari kutia sahihi.

Binti aligeuka polepole. "Mama. Kiti kilikuwa kwenye oda. Mstari wa sita."

Mama Milango akawa na shughuli nyingi na zipu ya mkoba.

"Mama. Ulikitoa?"

"Sikujua sheria zao, mwanangu. Na bei hata sikuigusa, waulize."

Binti hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. Kando yake, kwenye meza, palikuwa na kichupa cha dawa chenye bomba la kudondoshea na karatasi iliyokunjwa. Akakichukua.

"Huyu anakunywa matone matatu asubuhi, matatu jioni. Yakizidi ni hatari, yakipungua ni hatari. Mimi baada ya wiki sita narudi kazini, na mtoto nimepanga kukuachia wewe. Mama mkwe anataka kuja, nimemwambia hapana, mama yangu anakuja." Akakitazama kichupa. "Niambie mwenyewe. Haya matone utayafuata, au siku ukiona mtoto ana nguvu utasema mawili yamekaribiana?"

Hakusema "miwani." Hakuhitaji.

Mama Milango akatazama saa ya ukutani. Saa nne kasoro dakika kumi. Akachukua funguo.

Njiani waipa zilipangusa mara mbili tu. Kwenye kaunta alikuta watu watatu mbele yake, na kila mmoja alikuwa na maswali. Alipofika, mwenye kaunta alimtambua mara moja. "Mama wa kutoa! Gari lina tatizo?"

"Halina hata moja," akasema Mama Milango, na akajisikia akiegemea kaunta kwa mkao wa mtu mwenye siku nzima. "Nilikuwa nafikiria kile kifaa cha njia. Labda nikitazame."

Ukitaka mlango, ulizia dirisha. Mwenye kaunta akainama, akafungua droo, akatoa sanduku, akaanza kueleza kifaa kinavyowashwa, lugha zake kumi na mbili, waya wake wa chaji. Ukutani nyuma yake saa ilikuwa saa nne na dakika ishirini na tano. Mama Milango alikuwa amezungusha wauzaji maisha yake yote, na hii ilikuwa mara ya kwanza kuona anajizungusha mwenyewe.

"Dada," akamkatiza. "Acha kifaa. Sikitaki. Nina shida."

Neno lenyewe lilimtoka kwa uzito, kama msumari uliokaa ndani ya mbao miaka mingi.

"Nina mjukuu hospitalini. Hakutimiza miezi. Bila kile kiti hawamtoi, na daktari anaondoka saa sita. Nakihitaji, na sina pa kwenda kukipata isipokuwa kwako."

Mwenye kaunta akakifunga kile kisanduku taratibu. "Si nilikuuliza asubuhi?"

"Uliniuliza. Nikakudanganya."

"Kwa nini lakini?"

"Ili usinipandishie bei."

 Mwanamke yule akarudi kwenye kompyuta. "Kipo kimoja. Ila kimewekewa watu wanaotua saa nane." Akabonyeza, akanyanyua simu, akazungumza na ofisi yao ya mjini, akasubiri, akaitikia mara tatu, akaweka simu chini. "Watawaletea wao kingine kabla ya saa nane. Hiki chukua. Lakini asubuhi kilikuwa kwenye bei ya oda. Sasa ni bei ya kaunta."

Akaizungusha karatasi. Bei ya kaunta ilikuwa karibu mara mbili.

Ulimi ulimwasha. Aliziona sentensi nne zikijipanga, zote nzuri, na ya tatu ilikuwa hakika ingefanya kazi, kwa maana mwanamke yule alikwishaonyesha huruma, na muuzaji akishaonyesha huruma amekwisha. Mama Milango akatoa kadi ya benki.

"Hubishi?" mwenye kaunta akauliza, kama aliyetarajia burudani.

"Leo yadi imefungwa. Nipe kiti."

Kufunga hawakuruhusiwa kumsaidia. Wao hutoa tu, ndivyo kampuni ilivyoagiza, maana kikilegea lawama ni lao. Kwa hiyo alikaa kwenye maegesho na kitabu cha maelezo, ukurasa kwa ukurasa, yeye ambaye maelezo ya kitu chochote aliyatumia kufungia misumari. Alisoma michoro. Akakiweka kiti nyuma, akauvuta mkanda, akaupitisha, akatikisa. Kikacheza. Macho yangeweza kudanganywa, mikono yake isingeweza. Mlango ukitundikwa unaachiwa nafasi ya kuvimba wakati wa mvua, jambo hilo alilijua kuliko sala zake. Lakini kitabu kilisema kiti hiki hakiachiwi nafasi. Akaufungua mkanda wote, akaanza upya, akapanda kwa goti juu ya kiti kama fundi anayebana fremu, akavuta mpaka mshipa ukamsimama shingoni. Akatikisa. Kikatulia. Akakigonga mara tatu, kwa mazoea tu.

Saa tano na dakika kumi na tano muuguzi alikuwa ameinama ndani ya gari, anakivuta kiti kushoto na kulia. Binti amesimama kando, mtoto kifuani, anamtazama mama yake badala ya kiti.

"Nani amekifunga hiki?" muuguzi akauliza.

"Kuna kasoro?" Mama Milango akasogea.

"Hakuna. Wengi tunawafungulia na kuwafundisha upya. Sogeza tu huu mkanda wa kifua juu kidogo."

Sentimita mbili, kama zilifika. Asubuhi ile ile Mama Milango angesema umetosha. Akaingiza mkono, akausogeza, akamwuliza muuguzi, "Hapa?" na muuguzi akasema hapo. Wakapanda kumwona daktari. Akatia sahihi saa tano na nusu, koti la safari limekwisha kuwa mkononi.

Binti alikaa nyuma, karibu na kiti. Mama akarekebisha kioo mpaka akawaona wote wawili.

"Walikutoza ngapi?"

"Bei yao."

"Yote?"

"Na ya juu yake."

 Binti akapenyeza mkono katikati ya viti vya mbele. Ndani ya kiganja palikuwa na kichupa na ile karatasi iliyokunjwa.

"Weka kwenye mkoba wako. Jioni utampa wewe, niangalie."

Mama Milango akaifungua karatasi kabla hajawasha gari. Akaisoma kwa kidole, mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, na sahihi ya daktari pia. "Matatu," akasema. Akaikunja kwa mikunjo yake ile ile, akaiweka kwenye mfuko wa ndani, mahali anapoweka funguo za yadi.

Kwenye lango la kutokea, mashine ilidai malipo ya maegesho. Aliitazama ilivyosimama pale peke yake, haina mtu wala kiti.

"Hii nayo," akasema, "msimamizi wake hukaa wapi?"

"Mama!"

"Nauliza tu," akasema, akaingiza kadi, na waipa zikapangusa kioo.