Kinamasi cha Suna kilifidiwa Rusinga, nikakosana na mjomba

Wakuu, salamu kutoka Suna, Migori. Hii sikuhadithiwa na mtu. Nyumba ni yangu na mjomba ni wangu.

Nyuma ya nyumba yangu kulikuwa na kinamasi cha mafunjo, yale sisi Wajaluo tunaita togo. Mbu wake sikuwapenda, nisidanganye. Lakini mvua ikinyesha maji yalituama pale, kisha yakateremka mtoni polepole.

Developer mmoja akanunua pale, akamwaga mawe na udongo ajenge nyumba za rentals. Tukauliza kama inaruhusiwa. Tukaambiwa kibali kipo, kwa sharti moja: akifukia kinamasi hapa, apande kingine cha ukubwa ule ule mahali pengine.

Mahali pengine ni wapi? Hatukuuliza. Tulipiga makofi tukaenda nyumbani.

Muda si mrefu mjomba, kaka ya marehemu mama, akanipigia kutoka Rusinga, kisiwani Ziwa Victoria. Alikuwa ameacha kuvua, mgongo umemkataa. Sasa kuna watu wamempa kazi ya kupanda togo ufuoni, kwenye shamba lake, na kuilinda ng'ombe wasiile. Furaha yake! Nikampongeza kwa moyo wote.

Mvua kubwa ya kwanza, maji yakaingia kwangu. Sebuleni, jikoni, mpaka chumba cha watoto. Mke wangu alikuwa anapandisha magodoro juu ya meza. "Baba Achieng, hii maji imetoka wapi? Si haijawahi fika hapa?"

Nilikasirika kweli kweli. Nikaenda site. Foreman akatoa simu. "Boss, mbona unatusumbua? Swamp yenu tulirudisha. Ona vile imeshika."

Kwenye picha, mjomba wangu amesimama katikati ya mafunjo na gumboots, anatabasamu.

Damu ni nzito kuliko maji, wakuu, lakini maji yalikuwa yamefika kitandani kwa watoto wangu. Nikapeleka malalamiko ofisi ya mazingira. Halafu nikaona heri mzee asikie kwangu kuliko kwa watu, nikafunga safari hadi Mbita, nikavuka Rusinga.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Okewo, kwa hivyo umekuja kunifuta kazi?"

Okewo ni mtoto wa dada, na kwa mila yetu okewo hanyimwi kitu kwa wajomba zake. Nikamwambia togo yake ni nzuri, ila haiwezi kumeza maji ya Suna. Akarudi kung'oa magugu kwenye togo yake. Niliondoka bila kusindikizwa, jambo ambalo kwa mjomba halijawahi kunitokea. Iliniuma sana.

Baraza likaitishwa. Afisa wa mazingira akaamua fidia ifanyike kwenye mkondo ule ule ulioharibiwa, na developer akalazimika kuachia sehemu kando ya mto. Kazi ya Rusinga ikasimama. Majirani walinishangilia, mimi nikawa namfikiria mzee.

Shida ikawa mbegu, maana togo ya kwetu ilikuwa imezikwa yote. Foreman akiwa bado anaulizauliza, gari la Mbita likashusha magunia mlangoni kwangu, yananuka matope ya ziwa. Kufungua, mizizi ya togo!

Nikampigia mjomba. Hakunisalimia hata.

"Okewo hanyimwi," akasema. "Panda leo, jua isikaushe. Na usizike sana, itaoza."

Nilitokwa na machozi, sitaficha.

Tulipanda, na sasa imefika kiunoni. Mvua ya juzi ilipita nje ya mlango.

Funzo langu ni hili: mkiambiwa kinamasi chenu kitafidiwa, ulizeni wapi kabla ya kupiga makofi. Kikipandwa mbali, wa huko watafurahia, lakini maji ya kwenu bado yatatafuta pa kulala.

Waliopitia haya, leteni yenu nasi tusikie. Na mwenye kujua kazi ya mzee mwenye mgongo mbovu na mkono mzuri wa kupanda togo, tafadhali aandike hapa chini. Watoto wangu wanalala pakavu, na mjomba bado hana kazi.