Shu-chen, Paka na Kichwa cha Kuku

Liao Shu-chen wa Taichung aliandika programu za kompyuta, na njaa yake haikujua heshima. Asubuhi ya karamu ya kufunga mwaka aliila hata ile pakiti ya kijani ya bisi iliyowekwa juu ya kompyuta kuu ili iwe na adabu. Akaweka ya njano mahali pake. Kule hata mtoto wa chekechea anajua njano huikasirisha mashine.

Mchana duka lao la mtandaoni la tiketi za treni likaganda, na watu kisiwa kizima wanataka kurudi kwao sikukuu. Kompyuta ikapata moto, mayai ya kuchemshwa kwa chai yakaiva juu yake, na bata aliyechorwa kwenye kalenda ya ukutani akaanza kunukia mchuzi.

Bosi Ku akaiona ile njano. Akasema jioni kichwa cha kuku kitamtafuta aliyeiweka. Katika karamu hiyo, kichwa kikikuelekea, mwaka mpya huna kazi.

Shu-chen akakimbia kununua pakiti za kijani, akaijazia mashine hadi kwenye nyaya. Wapi!

"Dada, utaivimbisha tumbo," akasema Pai-han wa meza ya jirani.

Hapo simu ikalia. Bibi mmoja wa Chiayi.

"Mwanangu, nilikuwa naandika jina, paka akalala juu ya kitufe cha herufi moja, akaamka akakanyaga alama ya mshangao. Ndiyo maana mmenuna mpaka mmefunga duka?"

Shu-chen akaifungua kanuni ya kukagua majina, waliyoichukua kwenye maktaba ya programu inayoazimwa na kila mtu. Ilisema jina ni mafungu ya herufi, na kila fungu ni herufi kadhaa. Basi mashine, ikifika kwenye alama ya mshangao na kukwama, haikusema hili si jina ikaenda zake. Ilirudi kuzigawa herufi za paka upya: fungu kubwa na dogo, dogo na kubwa, vifungu vidogo vidogo, namna nyingi kuliko manyoya ya paka mwenyewe. Shu-chen akafuta mafungu, akabakiza herufi tu. Mashine ikashusha pumzi, tiketi zikatoka.

Lakini pakiti alikuwa ameila.

Jioni kuku aliyepikwa akaletwa mzima na kichwa chake, akawekwa kwenye kioo kinachozunguka katikati ya meza. Kichwa kikamtazama Pai-han, akakisukuma kioo. Kikamtazama mhasibu, naye akasukuma. Kuku akazunguka, supu ikapoa, hakuna aliyeonja kitu. Shu-chen akaiona hapo mashine yake ile ile, inayorudia bila kuamua, na tumbo likamnguruma.

Akakizuia kioo kwa kiganja. Kichwa kikamkodolea macho.

"Bosi, pakiti niliila mimi," akasema. "Na hiki nakila vilevile."

Akakivunja, akakitia kinywani.

Bosi Ku akamtazama akitafuna, masharubu yakimcheza. "Sasa nimfukuze nani? Shingo haina macho. Haya, kuleni."

Shu-chen alikuwa ameshafika kwenye paja.