Tarumbeta Lenye Madoa Mekundu

Kosa lilikuwa langu, nalisema mapema. Majirani zangu hapa Manika wanapenda kunihurumia, eti Mama Ernestine alidanganywa na fundi wa Fungurume. Hakuna fundi aliyenidanganya. Nilijidanganya mwenyewe, kwa macho haya haya niliyokuwa najivunia, na aliyenisaidia kujidanganya ni mume wangu Muteba.

Muteba alifanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye kiwanda cha zinki hapa Kolwezi, na jioni alipiga tarumbeta katika fanfari ya kampuni, yaani bendi ya matarumbeta na ngoma. Alikuwa tarumbeta la kwanza, yule anayeanzisha wimbo na wengine wanamfuata. Nilimpenda kwa sababu hiyo, sina haya kusema. Kijana mrefu, suruali nyeupe, mashavu yamejaa upepo, na sisi wasichana tumejipanga kando ya barabara tukijifanya tunaangalia ngoma. Kiwanda kiliposimama, fanfari nayo ikasimama. Vyombo vilikuwa mali ya kampuni, vikarudishwa vyote. Muteba alirudisha cha kwake kikiwa kimeviringishwa kwenye taulo letu la harusi, na lile taulo sijaliona mpaka leo.

Ikapita miaka thelathini. Alilima mihogo upande wa Nzilo, akalinda ghala la mtu, akazeeka kama watu wote. Meno ya juu yalimtoka, akawekewa ya bandia. Kuhusu tarumbeta hakusema kitu, ila redio ikipiga muziki wa fanfari vidole vyake vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vinabonyeza goti lake. Mimi nilikuwa naviona.

Mwaka huu ndipo akaja Odile. Ni binti wa marehemu rafiki yake, na sasa ndiye anayeongoza fanfari ya parokia yetu. Alikaa sebuleni, akanywa chai yake yote, halafu akasema, "Tata Muteba, kuja upige na sisi. Batoto beko na nguvu, lakini hawana mukubwa pembeni yao."

"Mi sina tarumbeta," Muteba akajibu haraka, kama mtu aliyekuwa ameliweka jibu tayari.

Nikampigia simu Rachelle, mtoto wetu wa kwanza, aliye mwalimu kule Likasi. Hakungoja hata nimalize. Alituma pesa siku ile ile akatuambia tutafute la zamani, lililokwisha kutumika, kwa maana baba yake alimfundisha tangu utoto kwamba matarumbeta mapya ya bei ya chini ni bati lililopakwa rangi.

Basi tukaenda Fungurume kwa Tata Mbuyu. Huyu kazi yake ni kuziba rejeta za malori. Kwa kuwa anajua kulehemu vyuma laini bila kuviunguza, makanisa yanampelekea vyombo vyao vilivyovunjika, na vingine wenyewe huvikatia tamaa, anavitengeneza na kuviuza. Siku hiyo alikuwa na matarumbeta matatu, ameyalaza juu ya gunia mbele ya karakana. La kwanza lilikuwa jeusi kama sufuria ya kuni, mdomo wake mpana umebonyea, lakini pistoni zake, vile vitufe vya kubonyeza, zilishuka na kupanda bila kusita. La pili liling'aa, ila pistoni moja ilikwama chini, haikupanda. La tatu lilikuwa zuri, jamani. La njano, limechorwa maua, na kwenye ule mrija unaoanzia mdomoni mwa mpulizaji kulikuwa na madoa madogo mekundu.

Sasa mnielewe. Kabla mgongo haujaanza kunisumbua, nilikuwa nanunua mawe yenye shaba kwa vijana wachimbaji. Wanatoka pande zote za Kongo, kila mmoja anaapa jiwe lake ndilo bora. Mimi sibishani. Nalichukua jiwe, nalilowesha mate, nalisugua kwa kidole gumba, naligeuza juani. Rangi ikijitokeza, nanunua. Isipojitokeza, kijana aende na hadithi yake kwa mwingine. Kwenye depo letu la kununulia mawe wanaume walikuwa wanangoja nimalize kutazama ndipo wafungue midomo yao.

Nikafanya vile vile. Nikatia mate kwenye kidole gumba, nikasugua doa, nikaligeuza tarumbeta juani. Wekundu ukajitokeza, laini, mzuri.

"Ni hii," nikasema. "Munaona nyekundu? Shaba inatoka mupaka inje. Zile zingine ni rangi tu."

Tata Mbuyu alifungua mdomo, akaufunga, akamgeukia mume wangu. "Na weye, tata, unaona nini?"

Muteba alikuwa ameshika lile jeusi. Tangu tufike alikuwa amelishika, anabonyeza pistoni zake polepole na kusikiliza. Akalirudisha juu ya gunia. "Mama Rachelle eko na jicho," akasema. "Tubebe ile anasema."

"Hauijaribu?"

"Nitaijaribia kwetu."

Hapo ilinipasa kushtuka. Mtu hanunui hata kuku bila kumpapasa kifua. Lakini nilikuwa nimevimba kichwa kwa sifa, nikaona mume wangu ana heshima kweli. Tata Mbuyu alitufungia tarumbeta kwenye gazeti akasema, "Kama haiko muzuri, murudishe. Mi niko hapa tu."

Wiki ya kwanza Muteba alilisugua. Wiki ya pili akalisugua tena. Odile akipita kuuliza, anaambiwa midomo bado, meno bado, mafuta ya pistoni bado. Nikaanza kuchoka na hizi bado. Alhamisi moja, Muteba ameenda kununua makaa, nikasema ngoja nimsaidie mzee huyu kulisugua, labda likiwa safi kabisa atakosa sababu. Nikabana kitambaa pale penye wekundu, nikasugua kwa nguvu kidogo. Kidole gumba changu kikaingia ndani.

Kiliingia kabisa, kama unavyotoboa ukoko wa mkate. Nikakaa chini pale jikoni na tarumbeta mapajani. Niliwaza pesa ya mtoto wangu, niliwaza mume wangu aliyeniamini, nikalia. Niliona kitu chake kimeuawa mara ya pili, kwanza na kampuni, sasa na mimi.

Aliporudi nikamwonyesha. Sasa, mimi nimekaa na mwanaume huyu miaka arobaini, naujua uso wake akishtuka. Hakushtuka. Aliliinua, akatazama tundu, akalichokoa kwa ukucha.

"Zinki ilishatoka," akasema.

"Unasema nini?"

"Tarumbeta ni shaba na zinki, bimechanganywa. Mate ya mwenye kupuliza inakula zinki, miaka na miaka. Zinki ikitoka, shaba inabakia yake peke, nyekundu, ya matundu matundu, haina nguvu. Ile nyekundu ni ugonjwa."

Miaka ishirini na miwili kwenye kiwanda cha zinki. Nikamwangalia. "Ulijua siku gani?"

Akajikuna kisogo. "Kule kule Fungurume."

Nikanyamaza. Wanaonifahamu wanajua kwamba nikipiga kelele hakuna neno, lakini nikinyamaza ni heri uende ukatembee. Nilimpikia bukari yake, ule ugali wetu, nikampa na sombe ya majani ya muhogo, maana sitaki mtu aseme nilimnyima chakula, lakini sikukaa naye mezani. Siku mbili. Nilikasirika mpaka nikapanga upya vyombo vyote vya jikoni, kisha nikavipanga tena. Ameniacha nijisifu mbele ya fundi, ameniacha nilie peke yangu sakafuni, na wakati wote huo anajua.

Siku ya tatu alikuja mwenyewe jikoni, akasimama mlangoni.

"Mama Rachelle. Mi naogopa."

Sikugeuka, lakini niliacha kukata vitunguu.

"Kama tarumbeta imekufa, batu batasema tarumbeta imekufa. Kama iko muzima na mi nashindwa, batasema ni Muteba njo amekufa. Balikuwa bananijua, mama. Beko bazima bengine benye kunisikia zamani. Nilikuona unachagua ile, nikasema Mungu ananisaidia."

Ningeweza kubaki na hasira yangu, ilikuwa bado nzuri, ina nguvu. Lakini nilimtazama. Mwanaume aliyefanya kazi penye asidi na moto bila kulalamika, leo anaogopa kupuliza bomba mbele ya watoto wa parokia. Nilimhurumia sana, na nilimpenda, na nilitaka kumpiga na mwiko. Yote matatu pamoja.

"Kesho tunarudia Fungurume," nikasema. "Utapuliza mbele yangu na mbele ya Tata Mbuyu."

"Batanicheka."

"Mi ntacheka wa kwanza. Bengine batanifuata."

Tata Mbuyu alipokea lile la njano. Alitazama tundu, akanitazama mimi, na kwa wema wake akaanza kutafuta kitu ndani ya sanduku lake. Muteba akalichukua lile jeusi, na safari hii nilimwona mpiga tarumbeta wa zamani akirudi kazini. Alichungulia mrija wa mbele kwa kuuelekeza kwenye mwanga, kwa muda mrefu. Akavuta kila kijibomba cha pembeni kuona kama kimeganda. Akabonyeza pistoni na kuvuta hewa kwa mdomo kusikiliza kama inapenya. Ule mdomo uliobonyea hata hakuujali. Nilimuuliza kwa nini, akasema pale sauti imekwisha kutoka, haina shida tena.

Halafu akapuliza. Ikatoka hewa tupu. Akapuliza tena, ikatoka sauti ya mbuzi aliyekanyagwa. Dereva mmoja aliyekuwa anangoja rejeta yake akaguna, nami nikacheka kwanza kama nilivyoahidi, nikacheka kweli kweli, na Muteba mwenyewe akacheka mpaka meno ya bandia yakamtoka mahali pake. Akageuka, akayakaza kwa kidole. Akalamba midomo.

Mara ya tatu ikatoka sauti. Ya chini, nene, ikatetemeka katikati, ikakaa. Aliishikilia mpaka pumzi ikaisha na mishipa ya shingo ikasimama. Haikuwa nzuri kama zamani. Tata Mbuyu aliweka chini chombo chake cha kulehemu.

"Ni ile tu niko nayo," Muteba akasema.

"Ni ya kuanza nayo," Tata Mbuyu akajibu.

Tulilibeba. Tangu siku hiyo anapiga kila jioni saa kumi na moja, nyuma ya nyumba, sauti ndefu ndefu za kuchosha, na jirani yetu Micheline amekwisha kuniuliza mara mbili kama tumefuga ng'ombe. Mwezi ulipokwisha akaenda kwa Odile. Nilimngoja nikiwa nimejiandaa kwa vita.

Akarudi, akanawa mikono, akakaa. "Ameniweka tarumbeta ya tatu."

"Ya tatu? Weye? Nyuma ya batoto?"

"Ya tatu, mama. Sauti za chini chini. Ni kidogo, na naziweza zote." Akavuta sahani ya bukari akaila yote, akaomba nyongeza. Mwaka mzima hakuwa ameomba nyongeza. Nikaona vita vyangu havina kazi.

Jumapili ile nilikaa karibu na fanfari, nikatega masikio. Sikumsikia. Vijana wa mbele walipuliza kama wanabomoa ukuta, na tarumbeta la tatu kazi yake ni kuwabeba wengine, halijionyeshi. Lakini nilimwona. Mashavu yamejaa, macho kwenye karatasi, mguu unapiga mapigo, na mtoto wa tarumbeta la kwanza kila akipotea anamtupia jicho, anapata njia, anaendelea. Nililia mpaka mama wa pembeni akanipa kitambaa, akidhani nina msiba.

Njiani, tunarudi kwa miguu, akaniuliza, "Ulinisikia?"

"Nilikusikia muzuri."

"Unanidanganya, Mama Rachelle."

"Nakudanganya," nikakubali. "Jumapili ingine puliza na nguvu."